Ufunguo si nambari ya akaunti: Kiswahili cha API na wingu

KATIKA safu hii nimezoea kuwakosoa wengine. Leo nitajikosoa mwenyewe, kwa sababu tafsiri yangu ya neno moja ilimaliza salio la meseji la miezi mitatu la kikundi chetu na nusura imponze karani asiye na hatia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kipkelion, na nje ya saa za shule ni katibu wa kikundi cha akiba na mikopo cha wakulima wa chai na maziwa. Kikundi ni kidogo lakini hakijabaki nyuma. Rekodi za wanachama zinahifadhiwa winguni. Malipo ya chai ya mwezi yakiingia, au bonasi ikitoka, programu ndogo hupiga hesabu ya makato ya mikopo kisha humtumia kila mwanachama meseji. Programu hiyo iliundwa na kijana wa papa hapa kwetu. Alipopata kazi Nairobi, alituachia kurasa mbili za maelezo kwa Kiingereza. Mwenyekiti akaniita kando: "Mwalimu, hii Kiingereza yote karani wetu ataifanyia nini? Tutafsirie tu."

Nikatafsiri. Nilipofika mahali palipotajwa ufunguo wa API, niliona neno 'ufunguo' litamkanganya karani. Ufunguo gani, na kufuli liko wapi? Nikaandika 'nambari ya akaunti ya meseji'. Nilijiona nimerahisisha mambo.

Sasa tujiulize: nambari ya akaunti kazi yake ni nini? Ni kupewa watu. Bila kuijua, mtu hawezi kukulipa. Karani wetu alifanya kile ambacho neno lilimwambia afanye. Aliichapa pamoja na nambari ya kulipia michango, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama wote: "Hizi ndizo namba zetu, mhifadhi vizuri." Nao wakahifadhi, na wengine wakasambazia jamaa zao. Siku tatu baadaye, watu tusiowajua walikuwa wakipokea meseji za bahati nasibu zilizobeba jina la kikundi chetu. Salio likaisha. Kamati ikapendekeza karani akatwe mshahara.

Nitarejea kwa karani huyo mwishoni. Kwanza tuelewane kuhusu msamiati wenyewe, kwa maana vikundi kama chetu ni vingi, na kila uchao vinafungua akaunti za huduma ambazo maelezo yake yako katika lugha ambayo aghalabu wenye akaunti hawaimudu.

Tuanze na API. Zichukue herufi hizo tatu kama jina tu. Hutamkwa e-pi-ai, na kisarufi naziweka katika ngeli ya I-ZI pamoja na seva, programu na akaunti: API hii, API hizi. Wanaotafsiri istilahi za kompyuta hutumia neno 'kiolesura' kwa mahali ambapo pande mbili hukutana na kuwasiliana. Ndiyo maana API huitwa kiolesura cha programu. Neno hilo ni zuri na linazidi kuzoeleka, ila kwa anayekutana nalo mara ya kwanza halijielezi. Mimi humwambia mwanafunzi: fikiria dirisha.

Ofisi ina mafaili ndani. Wewe wa nje huruhusiwi kuingia ukajifungulia kabati. Unajaza fomu, unaipitisha dirishani, karani wa ndani anaikagua, anafanya ulichoomba au anakataa, kisha anakurudishia jibu. API ndiyo dirisha hilo, isipokuwa anayesimama foleni si mtu bali ni programu. Huduma hiyo hiyo huwa pia na mlango wa binadamu, yaani tovuti yenye vitufe na rangi. Mtu akitaka kubadilisha simu ya mwanachama mmoja, tovuti yatosha. Akitaka kurekebisha rekodi za wanachama wote, kufungua akaunti za makarani wapya na kusitisha za walioondoka, na kufanya hivyo kila mwezi bila kuruka hata mmoja, heri aiachie programu isimame dirishani kwa niaba yake.

Wakenya tayari wana jina maarufu la Kiswahili katika uwanja huu. Mwaka 2017 Safaricom ilizindua API za M-Pesa kwa jina Daraja. Duka la mtandaoni, shule au sacco huandika programu inayotuma ombi kupitia Daraja. Mteja huona ujumbe kwenye simu yake akiombwa aweke nambari yake ya siri. Akishaiweka, matokeo hurudishwa kwa programu iliyoomba. Jina ni tamu. Lakini angalia tofauti: anayepita darajani huvuka hadi ng'ambo, ilhali programu haivuki kuingia ndani ya M-Pesa. Inapiga hodi, inaomba, inasubiri. Ndiyo maana mimi hushikilia dirisha langu.

Neno la pili ni wingu. Hapa kwetu tunajua uzito wa jina la kubandikwa. Kituo chetu cha reli kiliitwa Lumbwa enzi za ukoloni, jina ambalo Wakipsigis waliitwa na watu wa nje wala hawakujiita wenyewe. Nalo wingu lina asili ya namna hiyo: wahandisi walipochora michoro ya mitandao, sehemu ambayo hawakuwa na haja ya kuieleza waliichora kama wingu. Jina limetokana na kile ambacho mchoraji hakutaka kukionyesha.

Athari zake nilizisikia mkutanoni. Mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, ati rekodi zetu ziko mbinguni?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa na mashiko. Kiswahili kina 'wingu', wingi wake 'mawingu', na kina 'uwingu', wingi wake 'mbingu'. Maneno hayo ni jirani, na yote humfanya mtu aangalie juu. Lau mzee angeangalia chini angepata jibu. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, zilizofungwa ndani ya jengo lenye ukuta, umeme na mlinzi, nawe unazikodi kupitia intaneti.

Biashara hiyo ilishika kasi mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi ya data na nguvu za kompyuta kwa yeyote anayeweza kutuma ombi kupitia API. Majengo yenyewe yana anwani. Kampuni hiyo ilifungua kituo chake cha Afrika jijini Cape Town mwaka 2020, nayo Google ikafungua cha Johannesburg mwaka 2024. Hata M-Pesa yetu tunayoiona ya nyumbani, mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa hivyo swali la mzee lafaa liulizwe hivi: rekodi zetu ziko katika jengo la nani, na ni nani aliyeruhusiwa kuzigusa? Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na kikundi kinachokusanya majina na nambari za vitambulisho vya watu hakiwezi kujitetea kwamba data iko winguni. Aliyekusanya bado anawajibika.

Tuje sasa kwenye maombi yenyewe. Hapa mwalimu wa lugha anajihisi nyumbani, kwa sababu API nyingi za wavuti zimejengwa kama sarufi. Mwaka 2000 Roy Fielding, katika tasnifu yake ya uzamifu kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine, alieleza mtindo uitwao REST ambao umeathiri API nyingi tunazotumia leo. Kwa lugha yangu ya darasani, siri yake ni hii: nomino nyingi, vitenzi vichache. Kila kitu, awe mwanachama, akaunti ya karani au meseji, kina anwani yake. Hiyo ndiyo nomino. Vitenzi vinavyotumika zaidi ni vinne: GET, POST, PUT na DELETE. Mimi navitafsiri leta, ongeza, weka na futa.

Leta orodha ya makarani. Ongeza karani mpya. Weka hali ya akaunti ya karani wa tatu iwe 'imesitishwa'. Futa akaunti ya majaribio. Kwa sentensi nne za namna hiyo umeshaendesha akaunti za ofisi nzima.

Tofauti ya 'ongeza' na 'weka' si ya madoido. Kipkelion mvua kubwa ikinyesha, mtandao hupotea mara kwa mara. Programu imetuma ombi, mtandao umekatika, jibu halikurudi. Je, ombi lilitekelezwa au halikutekelezwa? Irudie? Ukimwambia mtu 'weka simu ya mwanachama wa 27 iwe nambari hii' mara kumi, mwisho wa yote simu ni ile ile moja. Ukimwambia 'ongeza mwanachama' mara mbili, huenda ukapata wanachama wawili wenye jina moja, na meseji mbili za makato. Kwa hivyo leta, weka na futa hurudiwa bila hofu kubwa. 'Ongeza' haurudii kabla hujatumia 'leta' kuhakikisha kilichotokea. Wahandisi wana istilahi ndefu kwa jambo hili. Vitenzi viwili vya Kiswahili vinalieleza bila istilahi, alimradi tusivichanganye. Nimeona tafsiri zinazoandika 'ingiza' kwa vyote viwili, na hapo ndipo karani anapopotea.

Majibu nayo huja kwa nambari. 200 ni sawa, yametendeka. 404 ni unachotafuta hakipo hapa. 429 ni umebisha hodi mara nyingi mno, pumzika. 500 ni kosa ni letu, si lako. Mbili zinazochanganywa sana ni 401 na 403. Ya kwanza yauliza: wewe ni nani? Ya pili yasema: nakujua, lakini hapa huingii. Hata Kiingereza kiliteleza hapo, kwani jina rasmi la 401 lamaanisha 'huna idhini' ilhali tatizo lake ni kutotambulika. Ukipata 401, angalia kitambulisho chako. Ukipata 403, kitambulisho kiko sawa. Kamwone aliyegawa mamlaka. Karani aliyeelezwa tofauti hiyo hatapoteza asubuhi nzima akibadilisha nywila isiyo na kosa.

Sasa kiini cha makala. Dirishani programu hujitambulisha vipi? Binadamu hutumia jina na nywila, au nenosiri, wengine husema neno la siri. Yote matatu yanakubalika kwangu. Programu huonyesha ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uliotolewa na mwenye huduma. Kwa baadhi ya huduma, ufunguo hutumiwa kwanza kuombea kibali cha muda mfupi, na kibali hicho ndicho kinachoandamana na kila ombi. Daraja hufanya hivyo, na kibali chake hudumu takriban saa moja.

Kibali hicho wahandisi hukiita tokeni. Wakenya wakisikia tokeni huwaza stima. Karani wetu alipoona ujumbe kwamba tokeni imekwisha muda, alimpigia mweka hazina: "Tokeni imeisha, nitumie pesa ninunue ingine." Si mjinga. Tokeni anayoijua hununuliwa na huisha kwa matumizi. Hii ya API hainunuliwi, na huisha kwa saa hata kama haikutumika. Kwa sababu hiyo napendekeza 'kibali cha muda'. Wanafunzi wangu hawana shida nacho: ni karatasi ya ruhusa ya kutoka shuleni, iliyoandikwa saa ya kurudi. Saa ikipita, mlinzi langoni haitambui tena.

Na ufunguo wenyewe je? Umbo lake halina kasoro: latokana na kitenzi 'fungua', ngeli ya U-ZI, ufunguo huu, funguo hizi. Tatizo ni picha inayokuja nalo. Ufunguo wa nyumba ukiibwa utajua, kwa sababu mfukoni haumo. Ufunguo wa API ukinakiliwa, wako bado unao na unafanya kazi kama kawaida; hakuna kinachokushtua hadi bili ije. Tena ufunguo wa nyumba hufungua mlango tu, ilhali huu waweza kutuma, kubadilisha na kufuta, na kila kinachofanyika huandikwa kwa jina lako.

Kwetu vijijini tuna kitu chenye sifa hizo hasa: muhuri wa kikundi. Barua yenye muhuri huchukuliwa kuwa imeandikwa na kikundi, hata kama aliyeugonga ni mpita njia. Benki haiulizi mkono ulioushika ulikuwa wa nani. Kwa hivyo ninapofafanua ufunguo wa API sasa nasema: ni muhuri wa siri wa kikundi, unaogongwa na programu badala ya katibu. Sijafuta neno 'ufunguo'. Limeenea na halina budi kubaki. Nasema tu kwamba lisiandikwe peke yake bila maelezo hayo.

Mbona nisingeandika 'nambari ya siri'? Nakiri ingekuwa bora mara mia kuliko nilichoandika. M-Pesa imekuwapo tangu mwaka 2007, na hata nyanya asiyejua kusoma anajua kwamba nambari ya siri haitajwi kwa mtu. Neno hilo limekuwa mlinzi. Hata hivyo, nambari ya siri ni ya mtu mmoja, ina tarakimu chache, naye huiweka kwa kidole chake kila mara. Muhuri huu hukaa ndani ya programu na hujigonga usiku watu wamelala. Anayeuchukulia kama nambari ya siri ya mtu atasahau kuubadilisha mtu huyo akihama. Nasi tulikuwa tumesahau: funguo zote zilikuwa bado zile alizozifungua kijana wetu, katika akaunti yenye baruapepe yake binafsi.

Msomaji asidhani haya ni ya washamba wa Kipkelion. Mwaka 2016 watu walidukua data ya Uber kwa kutumia ufunguo wa wingu waliouokota mahali ambapo wahandisi wa kampuni hiyo walikuwa wamehifadhi msimbo wa programu zao. Taarifa za watu milioni 57, wateja na madereva, zilichukuliwa. Wahandisi wale walijua Kiingereza vizuri sana. Muhuri ukiachwa mezani, lugha ya mwenye meza haisaidii.

Kinachosaidia ni mazoea machache. Akaunti kuu iwe ya kikundi, isiwe ya mtu. Kila programu iwe na muhuri wake: wa kutuma meseji utume meseji tu, wa kusoma rekodi usome tu, ili mmoja ukivuja usiangushe nyumba nzima. Muhuri usitumwe kwa WhatsApp, usibandikwe ukutani, usiandikwe ndani ya msimbo wa programu unaosomwa na wengi. Mtu akiondoka, akaunti yake isitishwe siku hiyo hiyo na funguo alizozijua zibadilishwe. Ukishuku kwamba umevuja, usianze kutafuta mwizi. Ubatilishe kwanza, utoe mpya, kisha utafute. Kazi zote hizi huduma nyingi hukubali zifanywe kupitia API ile ile, kwa vitenzi vyetu vinne.

Narejea kwa karani. Siku ya mkutano nilisimama kabla ajenda yake haijafikiwa, nikawasomea sentensi yangu ya Kiswahili na kuwaeleza ile ya Kiingereza ilisema nini. Nikawaambia kwamba kama kuna mshahara wa kukatwa, ni posho ya katibu. Kimya. Kisha mzee yule wa mbinguni akauliza, "Sasa mwalimu, hiyo kitu alituma ni nini hasa?"

Niliuchukua muhuri wa kikundi uliokuwa mezani mbele ya mwenyekiti nikauinua. "Ni hii, mzee."

Akautazama. "Kumbe tuliuweka sokoni," akasema. "Na msichana aliambiwa ni namba ya simu."

Hakukatwa. Posho yangu ya robo mwaka ilienda kwenye salio, na sikulalamika. Kijana wetu alirudi kwa siku moja, akabatilisha ufunguo wa zamani, akahamisha akaunti kwenye baruapepe ya kikundi, akamfundisha karani kusitisha akaunti na kusoma 401 na 403. Nami nikaandika upya zile kurasa mbili.

Karani alizisoma kabla ya kuzifungia kabatini, kisha kwa kalamu nyekundu akaongeza mstari wake juu ya ukurasa wa kwanza: "Hii sio namba ya kupeana." Kisarufi, kupeana ni kupa na kupewa baina ya pande mbili, alichokusudia ni kutoa au kuwapa watu. Wiki nyingine ningemsahihisha katika safu hii hii. Mstari huo nimeuacha ulivyo, kwa kuwa hakuna atakayeusoma akakosa kuuelewa.